Risasi ya Raia Ina Kibali. Risasi ya Dola Ina Nini?

Mwaka 1990, Kenneth Matiba na Charles Rubia walipoomba kibali cha kufanya mkutano wa hadhara katika uwanja wa Kamukunji jijini Nairobi, serikali ya chama kimoja iliwanyima, kisha ikawatia kizuizini. Umati ulikwenda Kamukunji hata hivyo, Julai 7, na polisi wakaupokea kwa rungu, gesi ya kutoa machozi na risasi. Ili mwananchi akutane hadharani na wenzake, sheria ya wakati huo ilidai karatasi yenye muhuri wa serikali. Kwa risasi zilizofyatuliwa siku hiyo na siku zilizofuata, hakuna karatasi iliyowekwa mbele ya umma kueleza ni ngapi zilizotolewa ghalani, ni ngapi zilizorudishwa, na ni nani aliyezitilia sahihi.

Kibali cha mkutano tulikishinda. Mageuzi ya 1997, yaliyotokana na mazungumzo ya wabunge wa vyama vyote yaliyojulikana kama IPPG, yaliigeuza leseni ya mkutano ikawa arifa tu, na Katiba ya 2010 ikaiweka haki ya kukusanyika katika kifungu cha 37. Swali la hesabu ya risasi halikuguswa. Nasi tunashikilia kwamba jibu lake limo tayari ndani ya sheria zetu wenyewe, mahali ambapo wanaharakati hawapatazami mara kwa mara: katika kanuni za vibali vya kununua na kuhifadhi risasi.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, ambayo asili yake ni ya 1953, nchi ilipokuwa katika Hali ya Hatari. Imerekebishwa mara nyingi, lakini uti wake wa mgongo haujabadilika. Kifungu cha 4 kinakataza mtu yeyote kununua, kupata au kuwa na bunduki au risasi pasipo cheti kilicho hai. Msomaji aone kwamba risasi zimetajwa kwa jina lake, sawa na bunduki. Risasi moja mfukoni, bila bunduki yoyote karibu, inatosha kumfikisha mtu mahakamani, na kumfunga.

Anayetaka cheti hana budi kuonyesha sababu njema ya kukihitaji, na kumridhisha mtoa leseni kwamba kuwa kwake na silaha hakutahatarisha usalama wala amani ya watu. Mlevi wa kupindukia hapewi. Mwenye akili isiyo timamu hapewi. Kwa miaka mingi uamuzi huo ulikuwa mikononi mwa maafisa wa polisi waliopewa kazi ya kutoa leseni. Tangu marekebisho ya sheria za usalama ya Desemba 2014, uko chini ya Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki.

Lakini sehemu tunayotaka msomaji aitulizie macho ni ile inayoeleza yaliyomo katika cheti. Kuhusu bunduki, cheti hutaja aina na idadi. Kuhusu risasi, hutaja viwango viwili: kiasi ambacho mwenye cheti ameruhusiwa kununua, na kiasi ambacho ameruhusiwa kuwa nacho kwa wakati mmoja. Kwa nini viwili? Tuchukue mfano wa mkulima wa Laikipia ambaye nyani na ndovu hawampi usingizi. Tuseme cheti chake kinamruhusu kununua risasi 200, lakini asiwe na zaidi ya 50 nyumbani. Hawezi kuzinunua zote na kuzirundika chini ya kitanda. Atanunua 50, akitaka nyingine, ni lazima zile za kwanza ziwe zimepungua. Kwa utaratibu huo mdogo, sheria imemlazimisha kuweka hesabu ya matumizi yake bila hata kulitaja neno hesabu.

Muuzaji naye amefungwa na mnyororo huohuo. Ni lazima awe amesajiliwa, ahitaji kuonyeshwa cheti kabla ya kuuza, na aandike katika daftari lake ni nani aliyenunua na amenunua nini. Daftari hilo polisi wana haki ya kulikagua. Na risasi zikishafika nyumbani, mwenye nazo anawajibika kuzihifadhi mahali salama wakati wote, ambapo mtoto, mfanyakazi au mwizi hawezi kuzifikia kwa urahisi. Zikipotea, aripoti.

Tena sheria haina msamaha kwa anayezidisha. Mwenye cheti halali anayepatikana na risasi nyingi kuliko alizoruhusiwa ameingia katika kifungu kilekile cha 4, bega kwa bega na yule asiye na cheti kabisa. Hivyo ndivyo dola inavyomhesabu raia: risasi kwa risasi, jina kwa jina, mahali kwa mahali.

Hatuipingi hesabu hiyo, na hilo tuliseme mapema, maana wako watakaodhani tunataka kila mtu ajitembelee na bastola kiunoni. La hasha. Twaiona ni kanuni njema, na mara nyingi imelegezwa kwa hongo na kwa kujuana. Desemba 2018, baada ya visa vya watu wenye leseni kutumia bastola ovyo hadharani, Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, aliamuru raia wote wenye leseni za bunduki wakaguliwe upya katika muda wa siku 90, muda ambao baadaye uliongezwa. Agizo la namna hiyo lisingehitajika kama vyeti vingekuwa vikitolewa kwa haki tangu mwanzo.

Wala hatukubali kibali kigeuzwe kiboko cha siasa. Mapema 2018, mvutano wa uchaguzi wa 2017 ukiwa bado moto, kulikuwa na watu wa upande wa upinzani walionyang'anywa leseni zao, na ikabidi mahakama ziombwe kuingilia kati. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa serikali haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Mwenye kustahili kunyang'anywa leseni anyang'anywe, naye aambiwe kwa nini, awe ni wa chama tawala au wa upinzani.

Hayo tuyaache hapo. Malalamiko yetu yako kwingine: mizani hii ambayo raia hupimwa nayo kwa uangalifu mkubwa haijawahi kuning'inizwa mbele ya ghala la serikali kwa namna ambayo mwananchi anaweza kuuona mshale wake unapoelekea.

Historia ya jambo hili ni chungu. Dedan Kimathi alipofikishwa mbele ya Jaji Mkuu huko Nyeri mnamo Novemba 1956, hakushtakiwa kwa uhaini wala kwa kumuua mtu yeyote. Alishtakiwa, kwa kanuni za Hali ya Hatari, kwamba alikuwa na bastola bila idhini, na kwamba alikuwa na risasi sita bila idhini. Alinyongwa Februari 18, 1957. Risasi sita zilihesabiwa, zikaandikwa katika hati ya mashtaka, zikaletwa mahakamani kama ushahidi. Na kila aliyeishi nyakati zile alijua kwamba sehemu kubwa ya risasi zilizokuwa msituni zilitoka katika maghala ya serikali hiyohiyo ya kikoloni, kwa kuibwa au kununuliwa kutoka kwa askari wake na walinzi wake wa vijijini.

Uhuru ulipokuja, sheria ilirithiwa pamoja na tabia yake. Wakati serikali imetaka kuhesabu silaha za raia wa kaskazini, imekwenda huko na jeshi. Februari 1984, wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, katika operesheni iliyoelezwa kuwa ya kutafuta bunduki. Serikali ya wakati huo ilitaja vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilizungumzia idadi inayokaribia 1,000. Risasi zilizotumika Wagalla nazo zilitoka katika ghala, na ghala hilo lilikuwa na mtunzaji, na mtunzaji alikuwa na daftari.

Hebu sasa tutazame ghala lenyewe. Katikati ya miaka ya tisini wananchi walipata kujua, kupitia magazeti, kwamba karibu na Eldoret kulikuwa kunajengwa kiwanda cha risasi, kwa ufundi wa kampuni ya Ubelgiji ya FN Herstal. Wengi wetu twakumbuka jinsi habari hizo zilivyotushtua, kwa kuwa mapigano ya kikabila ya 1992 katika Bonde la Ufa yalikuwa bado kidonda kibichi. Kiwanda kilianza kazi, shirika la serikali likaundwa kukisimamia, na uwezo wake ukatajwa kuwa risasi zipatazo milioni 20 kwa mwaka. Mkulima wetu wa Laikipia huulizwa sababu njema ya kutaka risasi 50. Hapa palikuwa na milioni 20, na wananchi waliokuwa wakilipia kwa kodi zao waliambiwa kwamba hayo ni mambo ya usalama.

Risasi hizo zilikwenda wapi? Sehemu ya jibu ilipatikana Turkana. Mwaka 2008, taasisi ya utafiti ya Small Arms Survey, yenye makao yake Geneva, ilichapisha uchunguzi wa James Bevan kuhusu risasi zilizokuwa mikononi mwa wafugaji wa Turkana Kaskazini. Mtafiti alifanya kazi rahisi ambayo idara zetu zingeweza kuifanya miaka mingi kabla yake: alisoma alama. Kwenye kitako cha ganda la risasi kiwanda hupiga chapa yake, na aghalabu mwaka wa kutengenezwa. Chapa zilipolinganishwa, ilionekana kwamba karibu nusu ya risasi zilizokuwa zikizunguka huko kinyume cha sheria zilitoka kwa polisi wa Kenya.

Hakuna aliyevunja ghala usiku kuzichukua. Uchunguzi huo ulieleza kwamba dola, ambayo haikuwa na askari wa kutosha katika eneo kubwa na kame, iliwaachia wafugaji kazi ya kujilinda dhidi ya wavamizi kutoka ng'ambo ya mipaka, ikawapa risasi kupitia polisi wa akiba. Mtu anaweza kuielewa hoja hiyo. Aliyeona boma likichomwa na ng'ombe wote kuswagwa hawezi kuwalaumu wenyeji kwa kutaka kujilinda. Lakini tazama yanayofuata. Polisi wa akiba hupewa risasi na kituo. Kisha hugawana na ndugu zake, au huziuza, au huzitumia katika uvamizi wa kulipiza kisasi. Na hakuna anayemwambia, kama mkulima anavyoambiwa, kwamba hatapata nyingine mpaka za kwanza zijulikane zilikokwenda. Mnamo 2019 serikali iliwanyang'anya bunduki polisi wa akiba katika sehemu kadhaa za kaskazini, na wenyeji wakalia kwamba wameachwa uchi mbele ya wezi, baadaye wakarudishiwa. Kutoa, kutwaa na kutoa tena kumefanyika. Kuhesabu risasi moja moja hadharani hakumo katika orodha hiyo.

Majirani zetu wa Karamoja wanajua mambo haya huweza kufika wapi. Idi Amin alipoanguka 1979, kambi ya jeshi ya Moroto iliachwa wazi, na wafugaji wakajichukulia bunduki na risasi. Mapigano ya mifugo yaliyokuwa ya mikuki yakawa ya bunduki za rashasha, upande wa Uganda na upande wetu pia. Pazia la ghala moja likipasuka, watu wa nchi mbili huzika wafu wao kwa miaka arobaini.

Wakati huohuo, mahakama zetu za Maralal, Kapenguria, Lodwar na Garissa huendelea na kazi yake. Mchungaji anapatikana na risasi chache zilizofungwa katika kitambaa. Anashtakiwa kwa kifungu cha 4: hana cheti. Hakika hana, wala hakuna aliyewahi kufika manyattani kwao kumweleza cheti ni nini. Anafungwa. Sisi tunaofanya kazi ya uwakili tunajua ni maswali gani huulizwa katika kesi za namna hii: ulizipata wapi, unamjua nani, umezificha tangu lini. Swali la chapa iliyo kwenye kitako cha ganda haliulizwi mara nyingi. Tungependa mawakili wenzetu waanze kulidai. Mtaalamu wa silaha anayekuja kutoa ushahidi kwamba risasi ni hai aulizwe pia imetoka kiwanda gani, mwaka gani, na kama ni ya serikali, ilitoka katika mikono ya nani. Mahakama ambayo itamfunga mchungaji bila kutaka kumjua aliyempa itakuwa imefunga nusu ya kesi.

Watatuambia kwamba polisi nao wana sheria yao. Wanayo, na ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Bunduki inawaacha nje maafisa wa serikali walio kazini. Hilo halishangazi, kwa kuwa askari hawezi kuomba cheti kila asubuhi. Lakini Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, katika Jedwali la Sita, inaamuru kwamba kila matumizi ya bunduki yaripotiwe mara moja kwa mkubwa wa afisa aliyeitumia, hata kama hakuna aliyejeruhiwa. Na yakisababisha kifo au jeraha baya, ripoti ifike kwa Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, IPOA. Jedwali hilohilo linamtaka Inspekta Jenerali aweke kanuni za kudhibiti, kuhifadhi na kutoa bunduki na risasi, ili kila afisa awajibike kwa zile alizokabidhiwa.

Maneno hayo yana nasaba ya kupendeza. Yametokana na kanuni za msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na bunduki, zilizopitishwa Havana mapema Septemba 1990, miezi miwili tu baada ya damu ya Saba Saba. Na mwaka 2004, hapa hapa Nairobi, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia sahihi itifaki juu ya silaha ndogo ambayo inazitaka serikali ziweke orodha kamili ya silaha zilizo mikononi mwa vyombo vyao vya usalama na kuzihifadhi salama. Itifaki hiyo inaitwa kwa jina la mji wetu mkuu.

Kwa hiyo hatuombi kanuni mpya kutoka mbinguni. Tunaomba ile iliyopo ionekane ikifanya kazi. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ilirekodi vifo 1,133, na kati yao watu 405 waliuawa kwa risasi. Kama raia wa kawaida ndio waliokuwa na risasi hizo, basi mfumo wa vibali ulikuwa umeanguka kabisa. Kama zilitoka kwa polisi, ambao ripoti yenyewe iliwataja kuwa waliua wengi, basi palikuwa na madaftari katika vituo ambayo yangeweza kufunguliwa siku ya pili. Juni 2024, vijana walipoandamana dhidi ya Mswada wa Fedha hadi wakaingia Bungeni, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu vifo visivyopungua 39 kufikia Julai mosi. Tume ilihesabu maiti. Upande wa pili wa hesabu hiyo ni wa risasi, na risasi ni rahisi zaidi kuzihesabu, kwa maana zilitoka kwenye masanduku yenye namba.

Jibu tunalolisikia kila mara ni kwamba mambo ya ghala la silaha ni siri ya taifa. Tulipime jibu hilo kwa uadilifu. Iko siri ya kweli: ghala liko wapi, linalindwa na wangapi, kuta zake zina unene gani, jeshi lina akiba ya vita ya kiasi gani. Anayetaka kuyajua hayo hatutamuunga mkono. Lakini ni siri gani itakayofichuka kwa wananchi kuelezwa, wiki moja baada ya maandamano, kwamba kituo fulani kilitoa risasi hai kadhaa tarehe fulani, zikarudi kadhaa, na zilizokosekana zilifyatuliwa na maafisa ambao majina yao yamepelekwa IPOA? Adui hawezi kuvamia nchi kwa kuzijua tarakimu tatu hizo. Anayeweza kuhangaika ni afisa aliyefyatua na mkubwa aliyemwamuru.

Iko nchi iliyokwenda mbali zaidi. Brazili, katika sheria yake ya silaha ya 2003, iliamuru kwamba risasi zinazouzwa kwa vyombo vya usalama zipigwe chapa kwenye ganda itakayowezesha kujua zimetoka katika fungu gani na fungu hilo liliuziwa nani. Agosti 2011, Jaji Patrícia Acioli, aliyekuwa akiwafunga polisi wauaji, alipigwa risasi 21 mbele ya nyumba yake huko Niterói. Maganda yaliyookotwa yaliwapeleka wachunguzi kwenye fungu lililouzwa kwa polisi wa jimbo la Rio de Janeiro, na njia hiyo ikaishia katika kikosi cha São Gonçalo. Maafisa 11 walihukumiwa, pamoja na aliyekuwa kamanda wao. Na alipouawa diwani Marielle Franco mjini Rio, Machi 2018, maganda yalionyesha fungu lililouziwa Polisi wa Serikali Kuu mwaka 2006, na nchi nzima ikauliza yalifikaje mikononi mwa wauaji. Brazili haijawa pepo kwa sababu hiyo. Polisi wake bado wanaua watu wengi mno. Lakini swali huweza kuulizwa kwa namba mkononi.

Sisi tuna faida ambayo Brazili haikuwa nayo: kiwanda cha risasi ni mali ya umma. Bunge likitaka, linaweza kuamuru kwa kifungu kimoja cha sheria kwamba kila risasi inayotoka Eldoret kwenda kwa polisi, kwa walinzi wa wanyamapori au kwa polisi wa akiba ipigwe chapa ya fungu na ya idara inayoipokea, na zinazonunuliwa nje zije na chapa hiyo. Mbunge ambaye atauleta mswada huo tutamtetea hadharani, bila kujali chama chake.

Kabla ya siku hiyo kufika, iko kazi ambayo makanisa na vikundi vya haki vinaweza kuianza mwezi huu. Makanisa yetu si wageni katika kuweka kumbukumbu: mwaka 1992, serikali ilipokuwa ikikana, Baraza la Kitaifa la Makanisa lilichapisha ripoti ya mapigano ya Bonde la Ufa, The Cursed Arrow, na ripoti hiyo bado husomwa. Panapotokea mauaji kwa risasi, familia isaidiwe kudai uchunguzi wa maiti mbele ya daktari wao wenyewe. Risasi itakayotolewa mwilini ikabidhiwe kwa maandishi, na nakala ibaki kwa familia. Maganda yaliyoko barabarani yapigwe picha pale yalipo, kitako kikionekana, kabla ya mtu kuyagusa. Aliyeyaona aandike saa na mahali, ayaache kwa wachunguzi wa IPOA, asiende nayo nyumbani. Ganda tupu linaweza kuonekana ni takataka, ila risasi hai iliyoanguka ni kosa la kifungu cha 4 kwa yeyote anayeiokota na kuiweka, hata kama ni mchungaji wa kanisa mwenye nia njema.

Kisha iandikwe barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kudai habari zilizo mikononi mwa idara ya umma, bila kulazimika kueleza anazitakia nini. Idara ina siku 21 za kujibu. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Watakataa kwa jina la usalama wa taifa, na sheria inawapa nafasi hiyo. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu habari kutolewa pale manufaa ya umma yanapozidi madhara, na mwenye kukataliwa aweza kupeleka shauri lake kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, kisha mahakamani. Barua iulize mambo manne, si zaidi: risasi hai ngapi zilitolewa na kituo hiki tarehe hii; ngapi zilirudishwa; ni ripoti ngapi za kufyatua bunduki zilizoandikwa siku hiyo; na ni ngapi kati ya ripoti hizo zilizopelekwa IPOA. Yaweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Mzazi asiyejua kusoma wala kuandika na aende mwenyewe akaseme kwa mdomo, kwa kuwa sheria inamwamuru afisa aliye pale mezani kumwandikia.